Swichi ya Stoo ya Spiriti si Jambo la Afisa Ugavi Peke Yake

Katika stoo nyingi za dawa na kemikali, swichi ya taa hufungwa mahali ambapo mkono wa anayeingia gizani huifikia kwanza: ndani ya chumba, kando ya mlango, usawa wa bega. Mahali hapo panafaa kwa ofisi, kwa wodi na kwa sebule. Kwa chumba chenye madumu ya ethanoli, mitungi ya gesi ya kupikia au betri za sola zinazochajiwa, ni mahali pabaya kuliko pengine popote. Mtu huibonyeza swichi hiyo kabla hajanusa kilichomo, na mara nyingi baada ya chumba kukaa kimefungwa usiku kucha.

Uchaguzi wa swichi kwa vyumba vya aina hiyo ni sehemu ya usalama wa mgonjwa, sawa na uchaguzi wa dawa ya usingizi au wa mashine ya kuchemshia vifaa vya upasuaji. Hata hivyo, katika vituo vingi jambo hili humalizwa kwenye mstari mmoja wa orodha ya manunuzi, kati ya balbu na waya, na anayeamua ni bei. Mfamasia anayejua ni mvuke gani umo stooni haulizwi. Fundi umeme anayeulizwa hajui mvuke huo. Afisa ugavi, ambaye hana kosa lolote katika hili, huandika «swichi isiyolipuka, vipande 6», na muuzaji huleta anachokiita kwa jina hilo. Utaratibu huo haufai, na sababu zake zinaeleweka bila mtu kuwa mhandisi.

Kila swichi ya kawaida hutoa cheche. Vipande viwili vya chuma ndani yake vinapoachana au kugusana wakati umeme unapita, hewa iliyo katikati huwa njia ya umeme kwa muda mfupi sana. Kwa kawaida cheche hiyo haina madhara, na mtumiaji huishi miaka mingi bila kujua kwamba ipo. Lakini gesi ya kupikia ikichanganyika na hewa kwa uwiano unaofaa huhitaji nguvu ya takriban robo tu ya mili-juli ili iwake. Haidroji huhitaji chini ya moja ya kumi ya hiyo. Swichi ya taa ya ukutani huvuka viwango hivyo bila shida, iwe inawashwa au inazimwa. Wengi husahau hilo la kuzima, wakidhani kuzima umeme daima ni kitendo cha usalama.

Wauguzi wa thieta wa vizazi vilivyopita walilijua jambo hili kwa moyo. Tangu William Morton alipoonyesha matumizi ya etha katika hospitali ya Massachusetts General mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye, chumba cha upasuaji kilikuwa mahali pa hatari ya mlipuko kwa maana kamili ya neno. Etha hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 45 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara mbili na nusu, hivyo hutambaa sakafuni. Ndiyo maana kanuni za Marekani zilihesabu eneo lote la thieta hiyo, kuanzia sakafuni hadi kimo cha futi 5, kuwa eneo la hatari, na swichi na soketi za kawaida zikapandishwa juu ya mstari huo. Sakafu zilitengenezwa ziweze kupitisha umeme tuli, na mipira ya mashine za usingizi ikawa myeusi kwa kutiwa kaboni kwa sababu hiyohiyo.

Kisha ikaja halotheni, iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Manchester mwaka 1956, ambayo haiwaki. Polepole etha ikaondoka, ingawa katika hospitali nyingi za vijijini barani Afrika iliendelea kutumika kwa miongo mingi, mara nyingi kwa kifaa cha EMO ambacho hakikuhitaji umeme wala mitungi. Etha ilipoondoka iliondoka pamoja na kumbukumbu. Mafundi waliofuata waliikuta thieta ikiwa chumba cha kawaida, wakadhani hospitali nzima ni jengo la kawaida. Hatari ilikuwa imehamia kwenye famasi, kwenye maabara, jikoni na kwenye kibanda cha betri, ambako hakuna daktari wa usingizi wa kuilinda.

Mfano ulio karibu zaidi ni kitakasa mikono. Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, famasi nyingi za hospitali zimejifunza kukitengeneza zenyewe kwa kufuata mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani: ethanoli ya asilimia 80, au isopropanoli ya asilimia 75, pamoja na gliserini kidogo na haidrojeni peroksaidi. Ni kazi njema na iliokoa fedha na maisha. Lakini mwongozo huohuo wa Shirika unaeleza kwamba mchanganyiko wa kwanza huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka kwenye nyuzi 17.5 za Selsiasi, na wa pili kwenye nyuzi 19. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Tanga na ajiulize ni lini mara ya mwisho stoo yake ilikuwa na baridi ya nyuzi 17. Katika nchi za baridi vimiminika hivi hupumzika sehemu ya mwaka; pwani ya Afrika Mashariki havipumziki hata usiku. Mwongozo unashauri pia kwamba famasi na vituo vidogo visitengeneze zaidi ya lita 50 kwa mkupuo mmoja, na kwamba uzalishaji na uhifadhi ufanyike mahali penye ubaridi au kiyoyozi, bila moto wala sigara. Kipengele cha lita 50 ndicho kinachosahaulika kwanza mahitaji yanapopanda, na pipa la lita 200 huingizwa katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya maboksi ya vidonge.

Sasa kuhusu jina lenyewe. Swichi inayouzwa kama «isiyolipuka» haizuii mlipuko usitokee ndani yake. Aina iliyozoeleka zaidi, inayobeba herufi d, imejengwa kwa kukubali kwamba mvuke utaingia ndani ya sanduku lake, kwamba cheche itauwasha, na kwamba mlipuko mdogo utatokea humo. Sanduku ni la chuma au plastiki nene, lenye nguvu ya kuuhimili mlipuko huo. Gesi ya moto inayotoka hulazimika kupita katika upenyo mwembamba na mrefu kati ya kifuniko na kiwiliwili, na inapopita hupoteza joto kiasi kwamba ikifika nje haiwezi tena kuuwasha mvuke wa chumbani. Kanuni hiyo ni ya zamani. Humphry Davy aliitumia mwaka 1815 alipozungushia taa ya wachimba makaa wavu wa waya, moto ukabaki ndani ya wavu.

Anayeelewa hilo ataelewa kwa nini tarakimu za IP, ambazo wauzaji hupenda kuzionyesha, hazijibu swali hili. IP65 inasema kwamba vumbi haliingii na maji ya mpira wa bomba hayaingii. Haisemi lolote kuhusu kinachotokea mvuke ukiwaka ndani. Swichi nzuri ya bafuni inaweza kuwa na IP65, na ikifungwa kwenye stoo ya spiriti itaua. Mkanganyiko huu pengine ndio unaoongoza kwa makosa ya ununuzi, kwa sababu swichi hizo mbili hufanana kwa macho: zote nene, zote zina raba pembezoni, zote zinaonekana za kiwandani.

Swali la kwanza, ambalo linapaswa kuulizwa kabla ya katalogi yoyote kufunguliwa, ni kama swichi inahitajika kuwa pale kabisa. Mara nyingi haihitajiki. Swichi ya taa ya stoo inaweza kufungwa nje, mita kadhaa kutoka mlangoni, upande ambao hewa ya stoo haielekei. Soketi ya ndani inaweza kuondolewa kabisa. Hakuna mtu anayehitaji kuchaji simu kando ya pipa la ethanoli. Swichi ya feni ya kutoa hewa inaweza kukaa koridoni, mradi injini ya feni yenyewe isiwe kwenye njia ya mvuke, au iwe ya aina inayostahili. Hatua hizi hugharimu mita chache za waya na saa chache za fundi. Hakuna swichi ya bei yoyote iliyo salama kuliko swichi isiyokuwepo, na mshauri anayeanza kwa kuuza swichi za gharama kubwa kabla ya kuuliza swali hili anafaa kutiliwa shaka.

Pale ambapo swichi haina budi kuwa ndani, yako mambo matatu ya kuyajua, na yote matatu hutoka kwa watumishi wa afya, si kwa fundi. La kwanza ni mara ngapi mvuke hupatikana mahali pale. Viwango vya kimataifa vya mfululizo wa IEC 60079 hugawa maeneo katika kanda: ukanda 0 ni pale mvuke ulipo muda wote au kwa muda mrefu, kama ndani ya pipa lenyewe, ukanda 1 ni pale unapotarajiwa kutokea mara kwa mara katika kazi ya kawaida, kama mahali pa kumiminia ethanoli kutoka pipa hadi chupa, ukanda 2 ni pale hautarajiwi, na ukitokea huisha upesi. Anayejua ukweli wa jambo hili ni mtumishi anayemimina kila Jumanne, wala si mchoro wa jengo. Swichi yenye alama ya Gb inafaa ukanda 1 na 2. Yenye Gc inafaa ukanda 2 tu. Kufunga Gc mahali pa kumiminia kwa sababu tu mchoro wa zamani unaonyesha chumba tupu ni kosa linaloweza kukaa miaka mingi bila kugunduliwa.

La pili ni mvuke gani. Gesi hazipenyi upenyo ule mwembamba kwa urahisi ulio sawa. Katika vipimo vya maabara, mwali wa propani huzuiwa na upenyo wa takriban milimita 0.9, wa ethilini milimita 0.65, na wa haidrojeni unahitaji upenyo usiozidi milimita 0.3 hivi. Kwa hiyo vifaa hugawanywa katika makundi IIA, IIB na IIC, la mwisho likiwa kali kuliko yote. Gesi ya kupikia, asetoni na zailini ya maabara ya patholojia ziko IIA. Etha iko IIB. Ethanoli hukaa mpakani mwa makundi hayo mawili, na busara ni kuihesabu IIB. Haidrojeni inayotoka kwenye betri za asidi zinapochajiwa iko IIC. Zahanati za vijijini zinazotumia sola zina jambo la kuzingatia hapa: swichi ya IIB, yenye cheti halali na bei ya kutisha, haitoshi kwenye kibanda cha betri. Huko tena jibu la kwanza ni matundu ya hewa juu karibu na paa, kwa kuwa haidrojeni hupanda, na swichi kuhamishiwa nje.

Hapa pana mtego unaostahili aya yake. Vifaa vingi vya msaada hutoka Marekani, na Wamarekani wana mfumo wao wa herufi ambao huenda kinyume. Kwao kundi A, la asetilini, na B, la haidrojeni, ndiyo makali. C ni la kati, linalojumuisha etha. Na D, la propani, ndilo jepesi. Katika mfumo wa kimataifa C ndiyo kali kuliko zote. Hati ya zabuni inayosema tu «kundi C» inaweza kujibiwa kwa uaminifu kamili na wazabuni wawili, mmoja akaleta kifaa cha kuzuia haidrojeni na mwingine kifaa kisichoweza kuizuia. Hakuna atakayekuwa amedanganya.

La tatu ni joto. Swichi inayopitisha umeme mwingi hupata joto, na mvuke unaweza kuwaka kwa kugusa kitu cha moto hata bila cheche. Madaraja huandikwa T1 hadi T6: T1 huruhusu uso wa kifaa ufike nyuzi 450, T3 nyuzi 200, T4 nyuzi 135, T6 nyuzi 85. Ethanoli huhitaji zaidi ya nyuzi 360 kuwaka yenyewe, hivyo T2 yenye kikomo cha nyuzi 300 inatosha. Etha huwaka kati ya nyuzi 160 na 180. T3 haitoshi, inahitajika T4. Swichi nyingi za ukutani hutengenezwa T6 kwa urahisi, kwa hiyo jambo hili husumbua zaidi kwenye taa na injini kuliko kwenye swichi. Lakini kikomo hicho kimehesabiwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 40, isipokuwa bamba la kifaa liseme vinginevyo. Chumba kidogo cha bati kisicho na dirisha, saa nane mchana mwezi wa Februari, kinaweza kuvuka hapo.

Yote hayo huandikwa kwenye bamba dogo lililogongwa kwenye kifaa, kwa mfano Ex db eb IIC T6 Gb, likifuatiwa na namba ya cheti. Mstari huo ndio unaopaswa kunakiliwa kwenye hati ya zabuni, badala ya maneno «isiyolipuka» au «ya ubora wa juu». Vyeti vya mfumo wa IECEx vinaweza kutafutwa bure mtandaoni kwa namba yake, na dakika tano za mhandisi wa vifaa tiba zinatosha kubaini kama cheti kipo na kama ni cha kifaa hicho. Namba ikiishia na herufi X, kuna masharti maalumu ya matumizi ndani ya cheti, na asiyeyasoma hajanunua kinga aliyoilipia. Bidhaa isiyo na bamba, au yenye stika ya karatasi inayong'oka kwa ukucha, irudishwe ilikotoka.

Hata swichi sahihi huharibiwa na ufungaji. Waya ukiingizwa kupitia tundu lililozibwa kwa utepe badala ya kizibo maalumu chenye cheti chake, sanduku zima limepoteza maana yake, kwa kuwa moto utatoka kwenye tundu hilo. Boliti moja iliyopotea ina athari hiyohiyo. Uso laini unaokutana na kifuniko ukikwaruzwa kwa bisibisi, ukipakwa rangi au ukiota kutu ya hewa ya bahari, upenyo si ule uliopimwa tena. Mpaka rangi anayekarabati jengo kabla ya ugeni mkubwa anaweza, kwa nia njema na brashi yake, kufuta kinga ya laki kadhaa. Kwa hiyo orodha ya ukaguzi wa matengenezo inahitaji mstari kwa ajili ya swichi hizi, na anayezifungua awe amezima umeme kwenye chanzo na kuhakikisha.

Kuhusu oksijeni, fikra nyingi zimepotoka. Baada ya UVIKO-19 hospitali nyingi zimepata mitambo ya kuzalisha oksijeni, na baadhi zimeambiwa zinunue swichi za kinga ya mlipuko kwa ajili ya vyumba vyake. Oksijeni haiwaki, huwezesha vitu vingine viwake kwa kasi kubwa. Nguo, nywele, mafuta ya grisi na hata vitu ambavyo kwa kawaida huungua polepole huteketea kwa dakika. Na swichi zenye alama ya Ex hupimwa na kupewa cheti kwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni ya takriban asilimia 21. Hewa ya chumba ikijaa oksijeni, cheti hicho hakisemi lolote tena. Fedha hizo zitumike kwenye matundu ya hewa, kipimo cha oksijeni ya chumbani, na kuweka swichi mbali. Usiku wa tarehe 24 Aprili 2021, hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad iliyokuwa ikihudumia wagonjwa wa UVIKO-19 iliungua baada ya mlipuko wa mitungi ya oksijeni, na watu zaidi ya 80 walikufa, wagonjwa pamoja na jamaa waliokuwa wakiwauguza. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia hakimbii, na tofauti hii kati ya hospitali na kiwanda haiandikwi kwenye katalogi yoyote.

Swichi nyingine hazionekani. Friji ya nyumbani iliyowekwa maabara ina angalau swichi mbili: moja ya taa inayobonyezwa na mlango, nyingine ya kidhibiti joto inayojiwasha na kujizima usiku kucha. Chupa ya etha au asetoni isiyofungwa vizuri ndani yake hutoa mvuke unaowaka hata kwenye nyuzi 4, ndani ya kasha lililozibwa, jirani na cheche inayojirudia kila baada ya dakika kadhaa. Ni vigumu kubuni chombo bora zaidi cha kulipua maabara. Friji za kuhifadhia vimiminika vinavyowaka zipo, na swichi zake zimehamishiwa nje ya kasha. Kituo kisichoweza kuinunua kiache kuhifadhi vimiminika hivyo kwenye friji. Kwenye thieta, kalamu ya daimathi nayo ni chanzo cha cheche kilicho mkononi mwa daktari. Spiriti ya kusafishia ngozi iliyotuama chini ya shuka inahitaji muda wa kukauka, ambao kwa dawa nyingi za aina hiyo ni angalau dakika 3 kwenye ngozi isiyo na nywele, na muuguzi anayesema «bado» ana haki ya kusikilizwa.

Yapo mabishano ya kweli. Swichi yenye cheti inaweza kugharimu mara kumi au zaidi ya ile ya kawaida, na zahanati isiyo na dawa ya malaria ina vipaumbele vingine. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo sababu ya kusisitiza kuhamisha kabla ya kununua. Ikiwa kamati ya usalama ya hospitali itakaa asubuhi moja, mfamasia, mtaalamu wa maabara, mpishi mkuu, muuguzi wa thieta na fundi umeme meza moja, wakachora ramani ya vyumba vyenye mvuke, yumkini watakuta kwamba kati ya swichi ishirini zinazotia shaka, ni mbili au tatu tu zinazohitaji kununuliwa mpya. Hoja nyingine, kwamba mambo yamekuwa hivyo miaka yote na hakuna kilicholipuka, haina uzito wowote. Gesi ya kupikia huwaka tu ikiwa kati ya takriban asilimia 2 na 10 ya hewa. Chumba kinaweza kuukosa uwiano huo mara elfu na kuupata mara moja. Tarehe 14 Oktoba 1913 huko Senghenydd, Wales, wachimba makaa 439 walikufa kwa mlipuko mgodini. Chanzo hasa hakikuthibitishwa, lakini cheche ya kengele za umeme za kupashana ishara ilikuwa miongoni mwa vilivyoshukiwa. Kengele hizo zilikuwa zimelia siku nyingi bila tatizo. Utafiti juu ya kengele za aina hiyo ndio uliozaa vifaa vinavyotumia umeme mdogo kiasi kwamba cheche yake haiwezi kuwasha gesi, vinavyotambulika leo kwa herufi i.

Kuna sababu ya haraka ya kulifanya hili sasa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa mwaka 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na taasisi zinazolisha watu wengi zimeelekezwa kuacha kuni na mkaa. Kwa mapafu ya wapishi, na ya akina mama wanaofika kliniki za kifua, hii ni habari njema isiyo na shaka. Lakini majiko yaliyojengwa kwa kuni yana swichi za kuni: popote, za aina yoyote. Kuni hazivuji. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hushuka, huingia kwenye mifereji na kujikusanya pembeni mwa chumba. Mitungi ikae nje ya jengo, chini ya kivuli, kwenye uzio wa wavu unaopitisha hewa hadi chini kabisa, bila swichi wala soketi ndani ya uzio. Valvu ya kufunga gesi ya jiko zima iwe mahali panapofikika bila kupita jikoni.

Na kwa kuwa mgonjwa anayeruhusiwa leo anarudi kwenye nyumba yenye mtungi na swichi ya kawaida, maelekezo yafuatayo yanafaa kutolewa pamoja na dawa zake. Akinusa gesi, asiwashe taa, na kama inawaka asiizime. Asiwashe feni ili kuiondoa harufu, asichomoe friji, asibonyeze kengele ya mlango wa jirani. Afunge valvu ya mtungi kama anaweza kuifikia, afungue milango na madirisha kwa mkono, atoe watoto na wagonjwa nje, kisha apige 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu hiyo nayo ipigwe akiwa nje, mbali na nyumba.